Kiboksi Hufa Kabla ya Spika

Mwaka 2012 kampuni ya Logitech iliacha kutengeneza Squeezebox, ukoo wa viboksi vilivyokuwa vikivuta muziki kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani au kutoka mtandaoni na kuupeleka kwenye spika za sebuleni. Kwa kawaida habari ya namna hii huishia hapo. Bidhaa imeondolewa, walionayo waitumie mpaka iharibike, kisha wakanunue nyingine. Lakini Squeezebox hadi leo zinaimba. Kiboksi cha mwaka 2005 kinaweza kucheza nyimbo kutoka huduma za mtandaoni ambazo hazikuwepo kilipotoka kiwandani. Na kuna viboksi vipya zaidi, vya kampuni kubwa zilizo hai, ambavyo vimewahi kuamka siku moja vikiwa bubu, bila waya kukatika wala kipande chochote kuungua.

Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka tuiangalie, kwa sababu wengi wetu tumefika mahali pa kujiuliza: nikitaka kuboresha strima ya nyumbani, nianze na nini? Strima ni hicho kiboksi chenyewe, kile kinachopokea muziki kwa njia ya mtandao na kuukabidhi kwa amplifaya. Muuzaji atakuuliza unataka sauti ya aina gani. Historia ya vifaa hivi inauliza jambo jingine kabisa, nalo ni kwamba ufunguo wa kiboksi anao nani.

Haifai

Hamu ya kuboresha ni ya zamani kuliko strima, ingawa si ya zamani kama muziki wa kurekodiwa. Fonografu ya Thomas Edison ya mwaka 1877 ilikuwa mashine moja tu, na gramafoni zilizofuata hazikuachana sana na mtindo huo. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, waliosikiliza santuri zake Unguja na mwambao mzima walizungusha mkono wa mashine, wakaweka sindano, wakakaa kitako. Zaidi ya kubadilisha sindano hapakuwa na jambo la kukukosesha usingizi.

Mambo yalibadilika baada ya Vita Kuu ya Pili, pale Waingereza na Wamarekani walipoanza kuuziwa mashine hiyo vipande vipande. Meza ya santuri peke yake, amplifaya peke yake, spika peke yake. Mtindo huo ukapewa jina la hi-fi, ambalo ukilitamka Kiswahili unapata "haifai", na kwa kweli hiyo ndiyo falsafa yake. Ulichonacho hakifai mpaka ununue kinachofuata.

Sasa ukishakuwa na vipande, lazima uamue kipi kibadilishwe kwanza. Kwa muda mrefu jibu la kawaida lilikuwa spika, kwa kuwa ndizo zinazotoa sauti na ndizo zinazotofautiana waziwazi. Kisha mwaka 1973 Mskoti Ivor Tiefenbrun akaanzisha kampuni ya Linn mjini Glasgow na kuuza meza ya santuri iitwayo Sondek LP12. Hoja yake ilikuwa rahisi na kali: chanzo kwanza. Kilichopotea pale sindano inapogusa santuri hakirudishwi na amplifaya wala spika. Mpishi anaielewa hoja hii bila kufafanuliwa. Tui likishakatika, hakuna mwiko wa kulirudisha.

Tunaweza kubishana na Tiefenbrun kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo masikioni, lakini LP12 ina somo jingine ambalo halibishaniwi. Bado inatengenezwa. Na mtu aliyeinunua miaka ya 1970 anaweza leo kuifunga beringi mpya, mkono mpya, chasisi mpya ya ndani, usambazaji mpya wa umeme, kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Ile ndiyo maana halisi ya kuboresha: unabadilisha sehemu, kitu kinabaki.

Mwaka 2007 Linn hao hao walitoa strima yao ya kwanza, Klimax DS, na mwaka 2009 wakatangaza kuacha kabisa kutengeneza vicheza CD. Kwa hiyo hata wahubiri wa chanzo kwanza walikubali kwamba chanzo kimehama. Zamani chanzo kilikuwa santuri mkononi mwako na sindano juu yake. Sasa chanzo ni faili kwenye diski, au nyimbo zilizo kwenye kompyuta za kampuni nchi ya mbali, pamoja na programu inayokuruhusu kuzifikia. Ukisema chanzo kwanza leo, unasema kuhusu programu na ruhusa kabla hujasema kuhusu sauti.

Namba 44,100

Hapa lazima tupite kwenye hesabu kidogo, maana ndipo fedha nyingi hupotelea.

Kicheza CD cha kwanza kuuzwa, Sony CDP-101, kiliingia sokoni Japani Oktoba 1982. CD huhifadhi sauti kwa kupima wimbi lake mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Namba hiyo ya ajabu ilitoka kwenye mikanda ya video. Wahandisi wa kwanza wa sauti ya dijitali hawakuwa na diski zenye nafasi ya kutosha, hivyo wakaazima mashine za video na kuandika namba zao ndani ya mistari ya picha. Kwa mfumo wa Marekani na Japani waliweka vipimo 3 kwa kila mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Kwa mfumo wa Ulaya ilikuwa vipimo 3, mistari 294, mara 50. Zidisha mwenyewe. Zote mbili zinakupa 44,100.

Kwa bahati nzuri namba hiyo inatosha. Nadharia iliyojengwa na Harry Nyquist na Claude Shannon inasema kwamba ukitaka kuhifadhi mitetemo mpaka kiwango fulani, unahitaji kuipima zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho. Sikio la kijana mwenye afya linafika mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na umri unapunguza kila mwaka. Biti 16 nazo zinatoa nafasi ya desibeli kama 96 kati ya sauti kubwa kabisa na ndogo kabisa, nafasi ambayo sebule yenye feni na majirani haiwezi hata kuimaliza.

Je, kuongeza namba kunasaidia? E. Brad Meyer na David Moran walichapisha mwaka 2007 jaribio ambamo wasikilizaji walichezewa rekodi za ubora wa juu, mara zikipita moja kwa moja, mara zikishushwa kwanza hadi kiwango cha CD, bila kujua ni lini. Katika majaribio 554 walipatia 276. Hiyo ni sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss akakusanya tafiti 18 za aina hiyo, zenye majaribio zaidi ya 12,500, akakuta wasikilizaji wanapatia asilimia 52.3. Tofauti ipo basi, kwa hesabu za kitakwimu, na waliofundishwa kusikiliza hupata zaidi. Lakini ni tofauti ndogo sana kuijengea bajeti ya nyumba.

Kazi ya kugeuza namba kuwa umeme wa sauti hufanywa na chipu inayoitwa kigeuzi, ile ambayo wapenzi wa vifaa huandika DAC. Mwaka 1982 kigeuzi kizuri kilikuwa kazi ngumu. Leo kiwaya cha Apple cha kuunganishia spika za masikioni kwenye simu, kinachouzwa dola 9 Marekani, kina kigeuzi ndani yake, na kinafanya kazi yake kwa usafi ambao wahandisi wa 1982 wangeuonea wivu. Ndiyo maana matangazo yanayokuambia hatua yako inayofuata ni kigeuzi ghali huwa ninayasoma taratibu.

Kisa cha MQA kinaonyesha hatari nyingine. Mwishoni mwa 2014 kampuni ya Uingereza ya Meridian ilitangaza mfumo huu wa kufunga sauti ya ubora wa juu ndani ya faili dogo. Huduma ya Tidal ikaupokea mwaka 2017. Ili uufungue wote ulihitaji programu au kifaa chenye leseni, na watengenezaji wa strima wakaanza kubandika nembo ya MQA usoni mwa bidhaa kama cheti. Aprili 2023 kampuni ya MQA iliwekwa chini ya msimamizi kwa matatizo ya fedha, na Julai 2024 Tidal wakauacha mfumo huo wakabaki na FLAC. Aliyechagua kiboksi kwa sababu ya nembo alibaki na nembo.

FLAC yenyewe ilitolewa mwaka 2001 na Josh Coalson, bure, msimbo wake wazi kwa kila mtu. Inafunga sauti bila kutupa chochote, kama unavyokunja nguo ndani ya begi, na faili hushuka kufikia karibu nusu au theluthi mbili ya ukubwa wake. Haina leseni ya kulipia, haina mmiliki wa kufilisika.

Ubongo uliobaki nyumbani

Turudi kwenye Squeezebox. Kufikia mwaka 2000 MP3 ilikuwa imejaza kompyuta za watu nyimbo, na Napster, iliyoanza Juni 1999, ilikuwa imemwaga mafuta kwenye moto huo. Tatizo likawa la kijiografia kabisa: nyimbo ziko kwenye kompyuta chumbani, spika nzuri ziko sebuleni. Sean Adams alianzisha Slim Devices huko California akiwa na jibu dogo. SLIMP3, ya mwaka 2001, ilikuwa kiboksi chembamba chenye kioo cha maandishi, waya wa mtandao upande mmoja na waya wa sauti upande mwingine. Haikuwa na diski. Ubongo wake ulikuwa programu iliyokaa kwenye kompyuta ya mwenye nyumba, na msimbo wa programu hiyo ulikuwa wazi. Ukitaka kuusoma, usome. Ukiona kosa, rekebisha na uwapelekee wenzako.

Wengine walikwenda njia tofauti. Mwaka 2004 Apple walitoa AirPort Express iliyorusha muziki wa iTunes mpaka kwenye amplifaya. Mwaka 2005 Sonos wakaanza kuuza mfumo wao wa vyumba vingi, ambao kwa urahisi wa kutumia ulikuwa umewaacha wengi mbali. Tuwe wa haki hapa. Mtu anayepika jikoni na kutaka wimbo wa sebuleni umfuate bila kusoma maelekezo ya kurasa 40 alipata kwa Sonos kitu ambacho Slim Devices hawakukifikia.

Logitech waliinunua Slim Devices mwaka 2006 kwa dola milioni 20. Wakatoa matoleo mazuri, mojawapo Squeezebox Touch ya mwaka 2010, lakini simu za kisasa zilikuwa zimeshaingia na Spotify, iliyofunguliwa kwa umma 2008, ilikuwa inabadilisha maana ya kuwa na nyimbo. Mwaka 2012 uzalishaji ukakoma.

Kwa bidhaa ya kawaida huo ungekuwa mwisho. Lakini programu ilikuwa tayari kwenye kompyuta za watu, na msimbo wake mikononi mwao. Watumiaji wakaendelea kuitunza, wakaandika viunganishi vya huduma mpya kila zilipojitokeza. Wakaandika pia programu ndogo inayoigeuza kompyuta yoyote kuwa Squeezebox. Mwaka huohuo wa 2012, Februari 29, ikaanza kuuzwa Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kitambulisho kwa dola 35, na ghafla mtu angeweza kujitengenezea kiboksi ambacho kampuni ilikuwa inakiua.

Mtihani wa mwisho ulikuja 2024, Logitech walipozima tovuti iliyokuwa ikihudumia viboksi hivyo. Waliokuwa na seva yao nyumbani hawakutikisika sana. Waliotegemea tovuti ya kampuni peke yake walinyamaziwa, mpaka wakaweka seva yao wenyewe. Programu ikapewa jina jipya, Lyrion Music Server, ikaendelea na safari. Kifaa kilekile, sauti ileile. Kilichoamua nani aendelee kusikiliza ni mahali ubongo ulipokaa.

Linganisha na wengine. Januari 2020 Sonos walitangaza kwamba baadhi ya vifaa vyao vya zamani havitapata tena masasisho, wateja wakaja juu, na mkurugenzi mkuu akalazimika kuandika barua ya kuwatuliza. Mei 2024 wakabadilisha programu yao ya simu, na mpya ikaja bila mambo ya kawaida kama kengele za kuamsha. Julai mkurugenzi huyo aliomba radhi hadharani, na Januari 2025 akaondoka. Chromecast Audio ya Google, kiboksi kizuri cha dola 35 kilichotoka 2015, uzalishaji wake ulisitishwa 2019, lakini kiliendelea kufanya kazi. Kisha Machi 2025 viboksi hivyo vikagoma kwa pamoja, duniani kote. Cheti cha kidijitali kilichokuwa kimewekwa kiwandani kilikuwa kimeisha muda wake wa miaka kumi. Google walitengeneza dawa ndani ya siku chache, wanastahili sifa. Ila fikiria: muziki wa watu ulisimama kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa ndani ya chipu, na hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Berlin ambaye angeweza kuusaidia.

Kwetu, na lile boksi la kanda

Afrika Mashariki tuliingia kwenye hadithi hii kwa mlango wa nyuma. Spotify ilifika Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021 tu. Kabla ya hapo, na kwa wengi hadi sasa, strima ya nyumbani ni sabufa lenye tundu la flash na bluetooth, na huduma ya muziki ni kijana wa kibanda aliyejaza nyimbo kwenye memori kadi yako kwa bei ya soda. Tunaweza kucheka, lakini angalia mpangilio wake. Faili ni lako. Halina akaunti. Bando likiisha, wimbo unaendelea. Umeme ukirudi, unaendelea tena. Kwa kigezo cha Squeezebox, kijana wa kibanda yuko mbele ya makampuni kadhaa, tukiacha habari ya haki za wasanii, ambayo ni kidonda kingine.

Halafu kuna muziki wenyewe. Sehemu kubwa ya kazi za bendi zetu za miaka ya 1960 hadi 1980 ilirekodiwa kwenye mikanda ya studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ikarushwa hewani, na watu wakajirekodia majumbani kwenye kanda. Ukiutafuta muziki huo leo kwenye huduma za mtandaoni unaokota hapa na pale. Mwimbaji ametajwa bendi siyo, wimbo umekatwa kabla ya sebene, au haupo kabisa.

Nyumbani kwetu lipo boksi la kanda 61 za marehemu baba. Alikuwa na tabia ya kubonyeza kitufe cha kurekodi redio inapoanza salamu, na kabla ya wimbo kuingia unamsikia mwenyewe akitaja siku na mwaka, mara nyingine akimfokea mtoto anyamaze. Mmoja wa watoto hao ni mimi. Nimezihamisha zote kuwa FLAC, kanda moja kila jioni, kwa deki niliyoazima kwa fundi. Hakuna huduma ya muziki duniani itakayoniletea faili hizo hata nikilipia mara kumi.

Strima yangu ya sasa, ambayo sitaitaja jina, ilipokea sasisho miezi kadhaa iliyopita na tangu siku hiyo haioni folda ya muziki wa nyumbani. Nyimbo za mtandaoni inacheza vizuri kabisa. Sauti yake ni safi, kigeuzi chake kinasifiwa. Huduma kwa wateja walinijibu kwa upole kwamba kipengele hicho kinatumiwa na watu wachache. Sawa, ni wachache. Lakini mmoja wao ndiye mimi, na sauti anayonizuilia haipatikani pengine.

Ngazi

Kwa hiyo, kwa yule anayeuliza aanze na nini, historia hii inanipa mpangilio ufuatao.

Anza na maktaba. Saa moja ya sauti ya kiwango cha CD, bila kufungwa, inachukua megabaiti kama 635. Diski ya terabaiti moja inabeba zaidi ya saa 1,500 za sauti hiyo, na zaidi sana kwa FLAC. Nunua mbili. Moja ikae nyumbani, nyingine ikae kwa ndugu mtaa mwingine, maana moto na wezi hawachagui. Kaa na familia mwandike majina ya nyimbo, bendi na miaka wakati wanaojua bado wapo. Kazi hii haina nembo ya kuonyesha wageni, lakini ndiyo chanzo kwanza kwa maana ya sasa.

Ngazi ya pili ni spika na chumba. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu spika kadhaa, mara zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia, mara zikionekana. Walipoziona, alama walizotoa zilibadilika, na ukubwa na sura ya spika vikawa vinasikika masikioni. Somo la kwanza hapo ni kutoamini macho. Somo la pili, ambalo kazi nzima ya Toole inalitilia mkazo, ni kwamba tofauti kubwa unazozisikia kweli zinatoka kwenye spika na kuta zinazozizunguka. Sebule zetu nyingi ni vigae chini, saruji ukutani na meza ya kioo katikati, yaani bafu lenye makochi. Zulia, mapazia mazito, rafu ya vitabu, na kuzivuta spika kidogo kutoka ukutani vitakufanyia zaidi ya kiboksi chochote cha milioni moja. Vingine hapo havigharimu hata shilingi.

Ngazi ya tatu ndiyo strima. Usimuulize muuzaji kuhusu sauti. Mwombe achomeke diski au aelekeze kiboksi kwenye folda ya kompyuta, kisha achomoe waya wa intaneti huku ruta ikiendelea kuwaka, azime kiboksi na kukiwasha upya, halafu acheze wimbo. Kikicheza, ubongo uko nyumbani. Kikidai uingie kwenye akaunti kwanza, umejua ufunguo anao nani. Uliza pia kama kinaelewa lugha za wazi za mtandao wa nyumbani, ili siku programu ya kampuni ikifa, programu ya mtu mwingine iweze kukiongoza. Squeezebox ya mtumba inafaulu mtihani huu ikiwa na Lyrion kwenye kompyuta. Raspberry Pi yenye kadi ya sauti inafaulu. Zipo strima mpya za bei ya kawaida zinazofaulu pia, na zipo za bei mbaya zinazofeli.

Njia ya wazi ina gharama yake, tusidanganyane. Utatumia jioni kadhaa kuweka mambo sawa. Umeme ukikatika vibaya, kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi inaweza kuharibika, ingawa mfumo kama piCorePlayer, unaojipakia wote kwenye kumbukumbu ya muda na kuiacha kadi ipumzike, unapunguza sana hatari hiyo. Kama nyumbani hakuna mtu mwenye subira ya mambo haya, kulipia urahisi si dhambi. Ila faili zako zikae nje ya kiboksi hicho, ili siku kikigoma uhamie kingine bila msiba.

Kigeuzi kije mwisho, na kwa sababu unayoweza kuisikia: mvumo, mikwaruzo, sauti isiyotosha kwenye amplifaya. Kama husikii kasoro, huna cha kutibu.

Mimi nimeshaamua. Spika zangu za zamani zinabaki, zimesogezwa sentimita 40 kutoka ukutani. Strima inauzwa kwa mtu anayesikiliza nyimbo za mtandaoni tu, nimemweleza ukweli wote na bei ameiona ni nzuri. Mahali pake pamewekwa Raspberry Pi na diski yenye faili za mzee. Fedha iliyobaki inakwenda kununua deki yangu mwenyewe, kwa sababu binamu zangu wamesikia habari hii na kumbe nao wana maboksi yao.